Umemaliza form four na unataka unesi? Soma hii kabla hujajaza fomu

Matokeo ya form four yakishatoka tu mwezi wa kwanza simu yangu inakua haipumziki. Kuna wadogo zangu wa mtaani, watoto wa maanko, mpaka wazazi nisiowajua waliopewa namba yangu na mtu fulani, wote swali ni lile lile, "kaka nimepata three ya 23 naweza kusoma unesi?", au mama anaandika "habari za kazi mwanangu, binti yetu anapenda sana unesi, tumpeleke chuo gani?" Nimejibu mmoja mmoja nimechoka, naandika hapa mara moja alafu nikiulizwa natuma linki.

Kwa wasionijua, mi ni nesi, mwanaume, ndio tupo. Nina diploma ya uuguzi na ukunga, cheo changu kwenye karatasi kinaitwa Afisa Muuguzi Msaidizi, niko kituo cha afya huku kanda ya ziwa na digrii naitafuta taratibu.

Tuanze na hili la wito maana kila mtu anaanzia hapo. Mei 12 siku ya wauguzi duniani mgeni rasmi akisimama ni wito, ukienda mahafali ni wito, mzazi akimsifia mtoto wake "huyu ana wito tangu mdogo". Sina ugomvi na wito, wapo wenye nao kweli na wodini unawaona tu wanavyomgeuza mgonjwa. Ila mimi nilivyoingia sikua nao. Niliingia kwa sababu shangazi yangu alikua nesi wa zahanati na ndio mtu pekee kwenye ukoo wetu alieshika mshahara kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na ada zetu nyingi alizibeba yeye. Baba alitaka niende advance nikasome PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) nije kua daktari. Mama yeye alikua anapiga hesabu zake kimya kimya, miaka miwili ya advance, mitano ya chuo, mmoja wa intern, mkopo wa bodi hujui utapewa asilimia ngapi, na nyuma yangu kuna wadogo nao wanataka shule. Shangazi akamwambia baba, "Kaka, mpeleke diploma huyu, miaka mitatu ana kitu mkononi, huo udaktari akiutaka atausoma kwa hela zake." Baba hakupenda kabisa, "yaani kidume changu kiende kutandika vitanda vya wagonjwa", na alikaa muda mrefu akiulizwa na watu anasema tu kijana yuko chuo cha afya, hamalizii. Kwahiyo nikiongea hapa habari za hela na ajira msinione sina utu, mlango nilioingilia ni huo.

Wito unaweza kuja ukiwa kazini au usije kabisa na bado ukawa nesi mzuri tu. Kitu ambacho ukikikosa utateseka ni uvumilivu wa kurudia, na hiki ndio hakuna mtu anakwambia. Sehemu kubwa ya kazi yetu ni kufanya jambo lile lile kwa usahihi ule ule, mgonjwa wa mwisho kama wa kwanza, alafu uandike. Presha, joto, mapigo, upumuaji, andika. Dawa ya saa kumi na mbili umempa, andika, hujampa kwa sababu stoo imeisha, andika na sababu. Mkojo kwenye mfuko umefika wapi, andika. Mtu asieandika kwetu anahesabika hajafanya, hata kama amefanya mbele ya wodi nzima. Sasa kama wewe ni mtu wa kuchoka haraka na mambo yanayojirudia, au mwandiko na kumbukumbu vinakuudhi, jiulize vizuri. Huyo Florence Nightingale tunaemuimba kila Mei, aliezaliwa tarehe hiyo 12 mwaka 1820, picha zake zote kashika taa, lakini alichowashinda nacho wakubwa wa jeshi la Uingereza baada ya vita ya Krimea ni takwimu. Alihesabu vifo, akavichora kwenye michoro ya rangi, ikaonekana wanajeshi wengi walikufa kwa magonjwa ya uchafu na msongamano kuliko kwa majeraha ya vita. Mama wa takwimu yule, sema watu wanapenda taa.

Nikupe mfano wa leba ili uone ninachosema. Mama akifika uchungu umekolea, njia imefunguka kuanzia sentimita 4, tunafungua patografu, karatasi moja ya grafu ambayo kila mwanafunzi wa ukunga anaiota usiku. Kila nusu saa unasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, unatia nukta. Kila nusu saa unaweka mkono juu ya tumbo unahesabu uchungu umekuja mara ngapi ndani ya dakika kumi na kila mmoja umekaa sekunde ngapi, unajaza vile viboksi. Mapigo ya mama nayo. Kila baada ya saa nne unampima njia, unaweka alama ya X. Kwenye grafu kuna mistari miwili inapanda kwa mshazari, wa kwanza ni wa tahadhari, wa pili uko mbele yake kwa saa nne, ndio wa kuchukua hatua. Zile X zako zikiwa zinapanda kushoto kwa mstari wa kwanza unatulia. Zikianza kuulalia na kuuvuka, kama uko zahanati hapo ndio unaanza kutafuta gari, husubiri mstari wa pili, maana gari lenyewe litachukua muda na barabara unaijua. Mapigo ya mtoto yakishuka chini ya 110 au yakapanda juu ya 160 na yakabaki huko, unaita mtu. Hakuna ujanja wowote hapo, hakuna kile mnachoona kwenye tamthilia. Ni saa ya ukutani, mkono, sikio na kalamu, kila nusu saa, hata kama ni saa tisa usiku na umebaki peke yako na wamama watatu. Kuna watu wanajaza patografu yote mtoto akishazaliwa, wanapanga nukta zinapendeza kama mkufu, sipendi hata kuwaongelea. Siku hizi mahali pengine wanahamia fomu mpya ya WHO iliyotoka 2020 inayofuata uchungu kwa namna tofauti kidogo, ila mchezo ni ule ule.

Na hii kurudia inaokoa watu kweli. Kuna mradi ulifanyika hapa hapa kwetu kwenye vituo 30 vya kutolea huduma za afya vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, unaitwa Safer Births Bundle of Care, watafiti wa hospitali ya Haydom walikua ndani, matokeo yakachapishwa 2025. Kikubwa walichofanya ni kuwapa wakunga vifaa vya kusikiliza mapigo ya mtoto na mazoezi mafupi ya mara kwa mara wakiwa kazini, wanamminyia hewa mdoli kama vile ni mtoto aliezaliwa hapumui, wanarudia, kesho tena wanarudia. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua kwa kama asilimia 40. Na takwimu za nchi nzima kwenye ule utafiti wa afya ya uzazi zilionesha vifo vya wamama 556 kwa kila vizazi hai laki moja mwaka 2015/16, 2022 ikawa 104. Zipo sababu nyingi hapo, barabara, vituo vya upasuaji, damu salama, ila mkono wa mkunga umo. Ukiniuliza najivunia nini kwenye kazi hii nakutajia hiyo kabla ya kofia nyeupe.

Haya, hesabu. Wengi mnakuja unesi mkidhani mmeikimbia hesabu. Dokta ameandika lita moja ya maji iishe kwa saa nane, seti yako ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita moja. Unachukua 1000 unazidisha kwa 20, unagawa kwa dakika 480, unapata 41 na kitu, unaweka 42 kwa dakika. Unasimama pale na saa yako unahesabu matone, unazungusha kile kigurudumu mpaka ikae. Sasa aje mtoto wa kilo 9, dawa imeandikwa miligramu kwa kilo, kichupa kina unga wa miligramu kadhaa unaochanganywa na maji kadhaa, na mama yake anakuangalia usoni. Hapo D ya hesabu sio shida, shida ni kuogopa. Fanya mazoezi ya magawanyo tu, hakuna kalkulasi.

Kwa vijana wa kiume, maana mnanifata pembeni mnauliza kwa aibu. Ndio mtasoma ukunga, kozi yetu ni uuguzi na ukunga pamoja, leba mtaingia, mtazalisha, na kwenye logibuku yako kuna idadi ya kuzalisha inayotakiwa ijae isainiwe. Wapo wamama watakaokataa, ni haki yao, unamwita mwenzako wa kike unaendelea na mwingine. Kuna bibi mmoja nilikua field, mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda mguuni, kila nikifika na trei ananiambia "mjukuu wangu dokta, niitie nesi anifunge kidonda". Namwambia bibi nesi ndio mimi, anacheka, anasema haya kaniitie. Siku ya tatu akanyoosha mguu mwenyewe. Utaitwa dokta na kila mtu mpaka utachoka kukanusha, na kijijini ukishakua zamu peke yako wala huna muda wa kukanusha. Baba yangu siku hizi akiumwa mgongo ananipigia mimi kabla ya mtu yeyote, ila kwa rafiki zake bado naitwa dokta.

Sasa vigezo. Diploma kwa aliemaliza form four unatakiwa uwe na pasi nne kuanzia D kwenye masomo yasiyo ya dini, na ndani yake lazima ziwemo Baiolojia, Kemia na Fizikia. Hesabu na Kiingereza zikiwepo zinakuongezea nafasi. Ona ilivyo, hata div four mwenye hizo D anaingia kwenye vigezo na div three asie na Fizikia anaachwa nje, kwahiyo acheni kuniandikia division niandikieni masomo. Lakini kukidhi vigezo na kuchaguliwa ni vitu viwili, vyuo vya serikali vinapata waombaji wengi kwahiyo wenye B na C wanatangulia. Ni miaka mitatu, wenyewe wanaita NTA level 4, 5 na 6, ukiishia ya 5 unapata cheti. Digrii ni kwa mwenye PCB yake imekaa vizuri, miaka minne alafu mwaka mmoja wa utarajali, vyuo kama MUHAS pale Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, UDOM, na vinginevyo.

Chuo. Hapa naomba wazazi mnisikilize. Mnachagua chuo kwa jengo na ada, na kwa sababu mtoto wa jirani yupo pale. Swali la kwanza kabisa nenda NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, kwenye kitabu chao cha udahili cha mwaka huo angalia hicho chuo kipo na hiyo kozi ipo, maana chuo kinaweza kua na usajili lakini kozi ya uuguzi hakina, na hela ikishaingia kwenye akaunti ya mtu kuirudisha ni kesi. Swali la pili, wanafunzi wanafanyia mazoezi hospitali gani na wanakua wangapi kwenye wodi moja. Hili la pili kwangu ndio kila kitu. Mi nilisoma chuo cha kanisa cha zamani, mabati yanavuja, mabweni tulikua tunagombania ndoo, ila geti la chuo na geti la hospitali vilikua vinatazamana, hospitali kubwa wagonjwa wanalala wawili wawili, saa moja kasoro asubuhi upo wodini kwenye ripoti. Kuna wenzetu walikuja field kutoka chuo kimoja mjini sikitaji, chuo kizuri vioo vitupu, wanafunzi kama thelathini mmejazana mnamzunguka mgonjwa mmoja, kanula (kale kamrija ka kwenye mshipa ka kupitishia dripu) anaweka mmoja wengine wanatazama migongo. Yule dada alikua anajua nadharia kuliko mimi, anakutajia mishipa yote ya mkono, lakini mshipa wa mgonjwa mwenye homa na maji yamemuisha unapatikana kwa kidole, unaubonyeza unarudi, unaubonyeza unarudi, mpaka kidole kijue. Hicho hakifundishwi darasani na ukikosa ukiwa mwanafunzi utakuja kujifunzia kwenye ajira, kwa gharama ya mgonjwa.

Nenda kabisa siku ya kawaida, sio siku ya kutembelea wazazi. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu, sio mwalimu wa udahili. Waulize wengi wanasapu (wanarudia mtihani) somo gani, wangapi wamedisko (wameondolewa chuo), walimu wa kliniki wanawafata wodini au mnaachiwa mikononi mwa manesi wenye kazi zao. Waulize na hela nje ya ada, hii inawaangusha wengi, kuna sare, viatu, saa yenye mshale wa sekunde, hosteli, bima, hela za mitihani, nauli na kodi ya chumba ukipangiwa field wilaya nyingine. Mzazi anajipanga na ada tu mwaka wa pili katikati mtoto anarudishwa nyumbani.

Ukiwa chuo panga kitu kimoja kichwani, GPA 3.0. Wengi wanasoma diploma kwa hesabu ya kufaulu tu, "C ni pasi si pasi", alafu baada ya miaka wanataka digrii wanakuta dirisha la equivalent, la wanaoingia kwa diploma, linawataka wastani wa B, yaani GPA isiyopungua 3.0, wao wana 2.7 na hakuna wa kumlilia. Kama una mpango wowote wa kupanda juu, kuanzia semesta ya kwanza hiyo namba ibandike ukutani.

Alafu leseni. Kumaliza chuo hakukufanyi kua nesi, nisikilizeni vizuri. Baada ya chuo unaenda Baraza la Uuguzi na Ukunga, TNMC, kuna mtihani wao, ukifaulu unasajiliwa na kupewa leseni, na leseni inahuishwa, huku unakusanya pointi za CPD za kujiendeleza. Sheria yetu ni ya mwaka 2010, kumhudumia mgonjwa kama nesi bila leseni ni kosa. Nimeona watu wana vyeti safi kabisa wamekaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu huo mtihani waliuchukulia poa.

Ajira sasa, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Enzi za shangazi ulikua ukimaliza unapangiwa kituo, unabeba godoro unaenda. Siku hizi unaomba kwenye mfumo wa serikali, Ajira Portal, nafasi zikitangazwa, na waombaji ni wengi kuliko nafasi. Inakera kwa sababu upungufu upo, ingia zahanati yoyote ya ndani ndani ukute nesi mmoja ndio kliniki ya wajawazito, ndio chanjo, ndio mapokezi, ndio mzalishaji, ndio mwandishi wa ripoti za mwezi, na huku mtaani manesi wana leseni wanauza vocha. Tatizo ni bajeti ya kuajiri, wauguzi wenyewe wapo. Kwahiyo kwenye mpango wako weka mwaka mmoja mpaka hata miwili ya kuhangaika, kujitolea kwa posho ndogo, hospitali binafsi, miradi ya mashirika, mikataba ya miezi. Kujitolea kuna ubaya wake, vituo vingine vinamtumia mtu kama ajira ya bure, zamu za nait zote anapewa yeye, ila kama unaenda nenda sehemu yenye kazi ya kukufundisha, leba, wodi ya watoto, tieta (chumba cha upasuaji), usikae mapokezi unaandika majina miaka miwili. Kwa binafsi soma mkataba, uliza nait inalipwaje.

Na usiseme huendi kijijini. Kijijini ndio nilipojua kazi. Mjini kuna mtu wa kumuita, kule ukipiga kelele anakuja mlinzi. Kama nafasi ya huko imetoka mi ningesema nenda miaka mitatu minne, utarudi mjini mikono ikiwa inajua.

Baada ya hapo njia zinafunguka na watu wengi hawazijui, wanadhani nesi ni nesi tu mpaka anastaafu na kikapu cha dawa. Kuna usingizi, wauguzi wanaosomea kutoa dawa za usingizi kwa ajili ya upasuaji, hao wanatafutwa kweli kweli maana kituo cha afya kikijengewa tieta bila mtu wa usingizi hiyo tieta ni stoo. Kuna ICU, kuna figo kwenye mashine za kusafisha damu, kuna macho, kuna afya ya akili, kuna saratani ukienda Ocean Road, kuna moyo pale JKCI. MUHAS wana masters ya wagonjwa mahututi na ajali, ya ukunga na afya ya wanawake, na ya afya ya akili. Kuna kufundisha. Mi moyo wangu uko kwenye usingizi, siwafichi, tangu nilivyosimama mara ya kwanza tieta nikaona yule mzee wa usingizi kakaa kichwani kwa mgonjwa, daktari anakata anafokea watu, mzee katulia anaangalia kifua kinavyopanda na kushuka, mkono uko kwenye mfuko wa hewa. Nikasema hicho kiti nakitaka.

Ughaibuni mnaulizia kila siku. Inawezekana. Uingereza unahitaji Kiingereza, IELTS au OET, alafu mtihani wa kompyuta na ule wa vitendo wa OSCE, baraza lao ni NMC. Marekani mtihani ni NCLEX. Nchi za Ghuba, Saudia, Oman, Imarati, wanataka uzoefu wa kazi, vyeti vyako vihakikiwe na mtihani wa kompyuta. Kila sehemu wanataka kujua baraza lako la nyumbani linakutambua, kwahiyo leseni tena. Ila jua kwamba Tanzania ipo kwenye orodha ya WHO ya 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza inakataza mawakala kuja kuvuna manesi kwenye nchi za orodha hiyo. Wewe mwenyewe ukiomba moja kwa moja kwa mwajiri hukatazwi. Wenzetu Wakenya serikali yao ilisaini makubaliano na Uingereza 2021, ndio maana unawasikia wakienda kwa utaratibu. Kwahiyo wakala akikufata na kikundi chake cha WhatsApp kwamba anapeleka manesi Uingereza lete milioni mbili ya usajili, unajua cha kumjibu. Na kuondoka sio usaliti, nimechoka na hayo maneno, mtu mwenye leseni alieuza vocha miaka miwili humwambii habari za uzalendo.

Nimalizie na kundi ambalo linanitafuta sana, wale wenye Baiolojia na Kemia ila Fizikia ina F. Usitafute kozi ya mkato. Zipo ofisi zinafundisha "unesi msaidizi" miezi sita, wanavaa nyeupe, wanapiga picha na stethoskopu shingoni, na mwisho wanapewa cheti kikubwa chenye muhuri. Kijana mmoja alinitumia picha ya hicho cheti ananiuliza aombe nafasi ipi serikalini, nikamuuliza namba yake ya leseni ya TNMC, akaniuliza ndio nini hiyo. Hela aliyolipa pale ingemtosha kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea na nauli ikabaki. Tumeongea mpaka akaelewa, ameshajisajili, Fizikia anaifanya Novemba, na vitendo vya maabara kuna mwalimu wa sekondari ya kata anamfundisha jumamosi kwa elfu mbili.